Tiketi ya Abbé Raphaël

Baraka, Jumatatu, 3 Juni 1957

Asante Mungu kwa barua! Kaka yangu Raphaël ni mzima na anataka kurudi. Miaka tisa yuko Liège, Ubelgiji, akimpikia daktari aliyemchukua kutoka hapa. Sasa daktari amezeeka, amehamia kwa binti yake, hahitaji mpishi tena. Raphaël anauliza njia. Meli, treni, boti ya mto, treni tena, halafu ziwa: miezi miwili. Ndege: siku mbili! Lakini akiba yake, aliyoituma kwa posta, inatosha nusu ya ndege. Ndege hairuki nusu.

Nilimsomea mama. Hakulia. Alisogeza karatasi mpaka puani kama anainusa, maana macho yake yanafunga. Muganga wa Fizi alimpa miezi miwili, mitatu hivi, kabla ya giza.

Mama akasema, "Eugène, mutoto wangu, mi sitaki kumusikia tu. Nataka kumuona."

Nimeapa. Ni karani wa mizani kwenye ghala ya pamba, ndiyo. Lakini kichwa hiki hakikuumbwa kwa kupima magunia tu.

Alhamisi, 6 Juni

Usumbura na kurudi, juu ya kamiyo ya pamba. Vumbi la barabara ya Makobola bado liko masikioni. Namshukuru dereva: hakuuliza kama nimeaga kazini. (Sikuaga.)

Kwenye biro ya ndege, karani mwenye tai. Nilimwomba apunguze bei kwa sababu Raphaël ni mwembamba. Alikataa. Je, asipokula chakula chao? Alikataa. Je, akisimama njia nzima? Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanihurumia. Akasema kampuni inapunguza nusu kwa aina moja ya watu tu: mapadri na masista. Nilete barua ya misheni yenye muhuri, nilipe palepale, na tiketi itamngoja msafiri Ubelgiji.

Nusu! Yaani ileile nusu tuliyo nayo! Mungu anajua hesabu.

Jumamosi, 8 Juni

Muhuri umepatikana. Mimi ni mwandishi wa kwaya ya misheni, na muhuri wa kwaya unalala kwangu. Juu, kwa herufi kubwa, ni jina la misheni. Chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi, ni neno "kwaya". Nilibonyeza kwa nguvu juu, kwa upole chini. Sisimizi hawakuonekana.

Nimeandika "Abbé Raphaël", kama wanavyoitwa mapadri wetu weusi. Sioni uongo mkubwa. Utotoni alitumikia misa miaka minne. Alipenda sana divai.

Barua imeondoka na dereva, pamoja na pesa. Asante kwake tena!

Jumanne, 2 Julai

Imekubaliwa! Raphaël atashuka Usumbura Alhamisi tarehe 18. Mama amecheza uani, mkono mmoja ukutani asianguke. Rukunda, mfugaji anayeshuka milimani kutuuzia maziwa, alipoona vile akatuachia kibuyu bure. Alisema mama akicheza, maziwa hayauzwi. Watu wema kiasi hiki, na bado kuna wanaolalamika duniani!

Jumapili, 7 Julai

Maafa.

Kampuni ya ndege ina adabu mno. Imemwandikia Padri Henri, mkuu wa misheni, kumshukuru kwa kuwakabidhi Abbé wake. Padri alisoma barua kanisani, mbele ya wote. Kumbe mutoto wa Baraka alisomea upadri kimyakimya huko Ulaya, bila kujivuna! Bamama walipiga vigelegele mpaka kuku wa misheni wakakimbia.

Nilisimama nikiri. Naapa nilisimama. Lakini Placide akanishika bega. Placide ndiye mwalimu wa kwaya, na adui yangu tangu aliponiweka nyuma ya nguzo akisema sauti yangu inatosha ikisikika nusu. Akasema wimbo wa kumpokea Abbé utaongozwa na ndugu yake wa damu. Ubeti mzima, peke yangu!

Nikakaa.

Nyumbani mama aliuliza swali moja: nimefanya nini? Nikamwambia nitarekebisha.

Jumatano, 10 Julai

Nimerekebisha. Kama upadri hautoki kwenye barua, basi uingie kwenye nguo! Nimempa dereva telegramu aipeleke posta ya Uvira. Kila neno linalipiwa, kwa hiyo nimeandika machache: UJE UMEVAA NYEUSI. EUGÈNE. Padri Henri atamwona kwa mbali, atafurahi. Kesho yake Raphaël atashikwa na homa. Akipona, atatangaza kwamba ameacha upadri kwa sababu ya afya. Mpango hauna tundu.

Mama Godelieve, mkubwa wa bamama wa misheni, amekusanya sadaka ya kumnunulia Abbé kanzu ya misa. Mbuzi wawili wamefungwa nyuma ya kanisa. Watu wananisalimia kwa mikono miwili. Nashukuru sana, ila wale mbuzi siwaangalii machoni.

Mazoezi yanaendelea vizuri. Placide amesema naimba karibu sawasawa.

Ijumaa, 19 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Saa tisa mchana kamiyo ilisimama mbele ya misheni. Baraka yote ilikuwepo, hata Waprotestanti na mchungaji wao. Padri Henri na kanzu nyeupe. Mama mbele, nimemshika mkono. Placide akainua fimbo yake, nikaanza ubeti wangu.

Raphaël akashuka. Suti nyeusi, tai nyeusi, kofia nyeusi. Watu wakashangilia. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Akanijia moja kwa moja, akanikamata mabega, akapiga kelele, "Eugène! Mulimuzika wapi?"

Nilikuwa katikati ya neno.

Mama ndiye aliyejibu. "Kumuzika nani? Nani alikufa?"

Raphaël alisikia ile sauti. Akaanguka mavumbini, akashika miguu ya mama, akawa analia kama mutoto wa juzi. Watu wakadhani Abbé anabariki ardhi, nao wakapiga magoti. Padri Henri pia.

Siku tisa! Tangu telegramu imfikie, siku tisa kaka yangu alikuwa anamlilia mama ambaye anapika ugali. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini kulikuwa na ubeti.

Mama akamwinua. "Kuya hapa kwa jua," akasema. Akamgeuza uso huku na huku kwenye mwanga, akaupapasa kwa vidole, akausogelea kama ile barua. "Pua ni ya baba yako. Nakuona. Iko kidogo kama moshi, lakini niko nakuona." Halafu akaongeza, "Ulinenepa." Hapo ndipo akalia.

Ndipo akashuka mwanamke. Naye amevaa nyeusi. Tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Raphaël akamshika mkono, akawaambia watu wote kwamba huyu ni Mukantwari, muke wake. Ni binti wa Rwanda aliyelea watoto wa familia moja ya Liège. Walifunga ndoa kanisani mwezi wa kwanza, na waajiri wake wamemlipia ndege. Barua ya harusi aliituma kwa meli mwezi wa sita tu. Bado iko baharini.

Kwaya ikanyamaza, sauti nene kwanza, halafu nyembamba. Mimi niliendelea. Nani anajua kama nitapewa ubeti tena?

Nikamaliza. Padri Henri akainuka, akapangusa magoti. "Eugène," akasema polepole, "huyu ni padri wa namna gani?"

Nikasema yote. Muhuri, sisimizi, telegramu. Nilisahau tu kutaja kamiyo ya tarehe 6 Juni, kwa sababu bwana wa ghala alikuwa amesimama pale.

Mama Godelieve ndiye aliyeanza kucheka. Halafu bamama wote. Halafu, Mungu ambariki, Padri Henri, mpaka akakaa kwenye ngazi za kanisa.

Jumapili, 21 Julai

Leo niandike shukrani.

Mbuzi waliliwa. Mama Godelieve alisema mbuzi hawaulizi mgeni ni padri au mpishi. Sadaka ya kanzu ya misa inakwenda Usumbura kulipa ile nusu nyingine. Bamama wameamua wenyewe, na Raphaël atawapikia sikukuu zote mpaka Krismasi. Padri Henri amenipokonya muhuri. Amenipa pia ukuta mzima wa kanisa niupake chokaa. Ni haki. Ni ukuta mrefu, lakini ni haki.

Rukunda alikuja na maziwa, akamsalimia Mukantwari kwa Kinyarwanda. Mukantwari alikuwa hajasema maneno kumi tangu afike. Basi akaongea! Saa nzima, bila kupumua. Rukunda amesema tangu leo yeye ni baba yake hapa, na baba haleti kibuyu kitupu.

Raphaël ametusimulia safari. Wahudumu wa ndege walimwita "mon père", kama anavyoitwa padri, njia nzima, naye alidhani ndiyo heshima ya wafiwa. Ndege ilipotikiswa na mawingu, bibi mmoja mzungu alimwomba ambariki. Raphaël akamshika mkono, akamwambia asiogope, hata yeye amefiwa na mama. Baadaye bibi akamwona amelaza kichwa begani kwa Mukantwari. Akaomba kubadilisha kiti.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Anakaa siku nzima karibu na jiko akimtazama Raphaël anakata vitunguu. Anatazama tu, anakunywa kwa macho, kabla hayajafunga.

Nimemwomba Raphaël msamaha kwa zile siku tisa. Alimaliza kwanza kukata kitunguu. Akasema, "We Eugène, ungeandika 'mama ni mzima' ungeongeza maneno matatu tu." Kweli. Nimeapa mbele yake, na mbele ya sufuria: sitaandika tena hata herufi moja kwa kampuni ya ndege.

Jumanne, 23 Julai

Mukantwari ana mdogo wake huko Liège, anaitwa Habimana, fundi wa baiskeli. Anataka kurudi nyumbani na hana nauli. Nimemwona kwenye picha. Mrefu, mabega mapana, sharubu kidogo.

Nimesoma upya kitabu cha bei cha kampuni ya ndege. Mtoto chini ya miaka miwili analipa sehemu moja ya kumi!

Sharubu zinanyolewa.