Pengo la Baba wa Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi nina pengo.

Si pengo jipya. Jino la mbele, la juu, liliondoka zamani, siku nilipojitia kufungua soda kwa meno mbele ya wakwe zangu. Soda ilifunguka, sikatai. Tangu hapo tumeishi kwa amani, mimi na pengo. Hata kazi limefanya. Binti alipokuwa shule ya msingi nilikuwa nasimama getini katikati ya umati wa wazazi, napiga mluzi kupitia pengoni. Mluzi mkali, wa kutoboa ukuta. Mtoto anageuka hapo hapo, anakuja mbio. Hakuna mzazi mwenye meno kamili aliyeniweza.

Lakini leo kaja shemeji, kaka wa mke wangu. Kapandikiza meno mawili. Sasa anachekea kila kitu. Nimemwambia kwamba jirani kafiwa, akaachama mpaka magego nikayaona. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kumpoza mgonjwa, kama siku ya harusi nitasimama nyuma kwenye picha.

Mimi! Mwenye studio! Miaka yote hii nawapiga watu picha za pasi, nawaambia wasicheke, watazame mbele, wasikunje uso. Leo naambiwa nikae nyuma.

Kesho naenda kwa daktari wa meno.

Jumanne, 4 Juni

Daktari ni mwanamke kijana, mpole, ila macho yake hayadanganyiki. Nikamwambia nimekuja kumuulizia rafiki yangu. Rafiki anauliza: kupandikiza jino kunauma? Akasema kuna ganzi. Uvimbe na maumivu kidogo huja siku zinazofuata, na dawa zipo. Umri haujampita? Akasema umri si hoja, hoja ni mfupa wa taya, fizi, sukari na sigara. Linadumu? Likitunzwa, miaka mingi. Na kulitunza ni kulipiga mswaki, si kulifungulia soda. (Nani kamwambia?)

Kisha akasema, "Sasa mwambie rafiki yako afungue mdomo."

Nikafungua.

Nikatoa swali kubwa: litakuwa tayari Jumamosi ya wiki ijayo? Hakucheka, namshukuru. Akaeleza kwamba skrubu huingizwa kwenye taya, mfupa unaachwa uishike polepole, kwa miezi, ndipo jino lenyewe hufungwa juu yake. Mfupa hauna habari za harusi, akasema. Kwa sasa akanichukua vipimo aniundie jino la kuvaa na kuvua.

Miezi! Nikatoka nimenywea. Lakini ng'ambo ya korido kuna mlango wenye picha ya uso laini kama yai. Kliniki ya urembo. Sindano za makunyanzi. Nikajiambia: jino likishindwa kuwahi, uso utawahi.

Daktari wa humo akanionya. Dawa haionekani leo wala kesho. Huanza baada ya siku kadhaa, hukamilika baada ya wiki mbili hivi, na ikishaingia haitolewi. Huisha yenyewe baada ya miezi mitatu, minne. Niliitikia kila neno. Sikusikia hata moja. Akanichoma kidogo kwenye paji la uso. Kidogo mno, kwa maoni yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi yote niko kwenye kioo cha studio. Makunyanzi yapo pale pale, yananitazama. Mke wangu akauliza natafuta nini humo kiooni. Nikasema vumbi.

Nikapiga simu kliniki. Muuguzi akasema, "Subiri, mzee wangu. Usiongeze, wala usiende kuongezewa." Haraka haraka haina baraka, ndiyo, naijua. Aliyeitunga hakuwa na harusi wiki ijayo.

Mchana nikaenda saluni ya mtaa wa pili. Kuna dada anachoma sindano nyuma ya pazia, jirani na vikaushio vya nywele. Akauliza kama nimewahi kuchomwa. Nikasema sijawahi, mimi hata mbu namwogopa. Akacheka, nikamsimulia habari za shemeji, akachoma. Paji la uso, pembeni mwa macho, na vile vikunjo vya juu ya mdomo ambavyo, alisema, vinazeesha kuliko mvi. "Baba'angu, ukitoka hapa huyo shemeji yako atakupisha njia." Maneno asali. Sikumuuliza kasomea wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Binti kapita studio. Akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya pazia jeupe, kama alivyokuwa akikaa utotoni. Akaniuliza kama bado nina kinyongo.

Nastahili swali hilo. Alipoleta habari za mchumba, fundi lifti, kijana mwema hana neno, nilinuna mwezi mzima. Haikuwa habari ya lifti. Ni kwamba anampeleka mji wa mbali. Lakini sikusema hivyo. Nilisema lifti hukwama.

Leo nikamwambia sina kinyongo. Akanitazama. "Baba, wewe kwa maneno sikuamini." Kisha akaomba kitu kimoja. Sherehe ikiisha, gari likianza kuondoka, nimpigie mluzi ule wa getini. Akiusikia atajua kaondoka na radhi zangu.

Nikasema, hilo tu? Nikampigia palepale. Kioo cha kabati kikatetemeka. Tukacheka mpaka mpita njia akachungulia.

Jumatano, 12 Juni

Dawa imefika. Zote mbili kwa pamoja, kama wageni waliopishana njiani wakakutana mlangoni.

Paji la uso halipandi. Macho hayakunjiki. Mdomo wa juu umelala. Chai ya asubuhi nusu imekwenda kooni, nusu kwenye shati. Mteja wa picha ya pasi kanitazama, akasema, "Aa, mzee, kumbe ndivyo unavyotaka tukae!"

Jino la kuvaa nimelichukua. Zuri, jeupe, limekaa sawasawa. Ila mdomo hauinuki, kwa hiyo halionekani.

Nikajaribu mluzi. Upepo. Nikavua jino, nikajaribu tena. Upepo, na mate. Midomo haikusanyiki.

Mbio kliniki. Nikakiri yote: saluni, pazia, mbu. Daktari akashika kichwa. Hakuna cha kuitoa, akasema, ni kungoja, na nishukuru kope hazijaporomoka. Nikauliza kama itaisha kufikia Jumamosi. Akaniuliza Jumamosi ya mwezi gani.

Mke wangu kashajua. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu, "Mwambie mtoto mapema." Nikajibu kwamba sitaki kumharibia furaha yake. Uongo. Naona aibu.

Jumamosi, 15 Juni

Harusi ilipendeza. Sina mkono wa kuandika mengi.

Wakati wa hotuba nilisimama. Moyoni nilikuwa nabubujika. Usoni, hakimu. Nilitamka kwamba nina furaha isiyo kifani, na ukumbi wote ukawa kimya, maana anayesema hivyo kwa uso ule ama anatania ama anatisha. Bwana harusi akameza mate. Shangazi yake akanong'ona, nikamsikia: "Kumbe baba hajakubali." Shemeji akanyakua kipaza sauti, akacheka kwa niaba yangu. Meno mawili yakaangaza ukumbi. Nilimchukia na kumshukuru kwa pumzi moja.

Jioni gari likawashwa. Binti akashusha kioo cha dirisha, akatoa kichwa, shela ikapepea. Akanisubiri. Nikachomoa jino mbele za watu, likaniponyoka, likaanguka kwenye changarawe. Nikavuta pumzi. Fuuu. Tena. Fuuu. Kama mtu anayepoza uji.

Akautafuta uso wangu. Uso haukuwa na la kusema. Kioo kikapanda taratibu.

Gari likaenda.

Shemeji ndiye aliyepiga magoti kwenye changarawe kunitafutia jino, na suti yake. Hakucheka.

Jumapili, 16 Juni

Nachapisha picha za harusi. Mke wangu analia na kucheka. Wakwe wamekumbatiana. Shemeji, basi, usiseme. Na katikati kabisa, mstari wa mbele kama nilivyotaka, mimi: picha ya pasi iliyobandikwa kwenye harusi ya watu.

Nimekaa na picha ile muda mrefu. Kamera yangu imewaona wengi waliokaza uso kwa sababu niliwaambia. Mimi nani aliniambia? Pengo lile binti yangu alilijua tangu anazaliwa. Hakuna siku aliyolionea haya.

Simu yake haipokelewi. Mke wangu anasema wako njiani. Akaongeza, "Na ukimpata, useme kweli, usinipe mimi simu."

Ijumaa, 21 Juni

Kapiga yeye. Simu ya video. Nikamweleza yote, nikitamka v badala ya b, mate yakinitoka.  Kisha akaniambia alilia njia nzima, mumewe akimbembeleza, mpaka akaapa ataacha kazi ya lifti kama ndiyo inayoniudhi.

"Pole, Baba," akasema. "Lakini na wewe!" Akaanza kucheka.

Halafu akatia vidole viwili mdomoni, akapiga. Mluzi wa getini! Umepinda kidogo, lakini ndio wenyewe. Nikajikuta nimegeuka kutazama mlangoni. Nikamjibu: fuuu. Akasema kasikia.

Nililia bila kunjo hata moja. Lakini dirisha lile la gari halitashuka tena. Hilo najua. Ile jioni ilikuwa moja, na nimeipoteza mwenyewe. Nimeapa mbele ya mke wangu: sindano basi, mbio basi, kushindana basi.

Kabla ya kukata simu, binti alisema watakuja Desemba.

Desemba! Ni miezi mingi. Skrubu ikiingizwa sasa, mfupa utakuwa umeshika. Nimempigia daktari wa meno papo hapo, nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki yangu, kama jino la kudumu linaweza kutobolewa tundu dogo katikati, la mluzi. Kanyamaza sana. Nadhani anapiga hesabu ya ukubwa wa tundu.

Na yule dada wa saluni kaleta dawa mpya, ya kuotesha nywele. Shemeji ana upara. Nimejiwekea nafasi Jumatatu, kabla hajasikia na kunitangulia.