Nilivyoumba Dunia pale Nambis

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mwalimu Verediana, mkuu wa shule yetu ya msingi hapa Nambis, ametangaza mbele ya wazazi. Chumba cha kusomea kitafunguliwa Ijumaa ya wiki ijayo. Mwenye kitabu alichokiandika mwenyewe alete. Vitasomwa, kisha watoto watachagua jina la kuandikwa juu ya mlango. Kwa rangi! Nimeshaupima mlango kwa macho. "Chumba cha Modest Sulle" linaenea bila shida.

Mpinzani ni mmoja tu: Onesphory, bwana shamba mstaafu. Anaandika kuhusu kilimo cha vitunguu swaumu. Mimi nitaandika kuhusu kuumbwa kwa ulimwengu mzima. Hata vitunguu vyake vimo humo.

Jumatano, 13 Agosti

Maneno yamekamilika, kurasa kumi na mbili. Nimemsomea mke wangu Marieta akiwa anapukuchua mahindi. Akauliza kama nimetengeneza banda la kuku. Hana sikio la hadithi.

Utamu uko mwishoni. Viumbe vyote vikiisha kuumbwa, unabaki udongo kidogo, mchafu. Kwa huo anaumbwa Fisi. Mlafi! Analiona jua, anadhani nyama, analimeza. Giza dunia nzima. Linamuunguza tumbo mpaka alfajiri, analitapika. Jioni analimeza tena, maana hajifunzi. Ndiyo sababu ya usiku na mchana.

Fisi atakuwa na sura ya Onesphory. Kofia ile ile, miwani ile ile, hata pengo la mbele. Nani atampa mlango mtu anayekula jua?

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeshuka Mbulu mjini kwa Nurdin, mchora mabango. Bucha na saluni zote za karibu na stendi ni mkono wake. Tumekubaliana jogoo mmoja.

Amegoma jambo moja tu. Muumba hamchori. Kwao ni mwiko, na akanishauri niulize na kwetu. Nikapata akili. Nikamwambia achore tu mtu wa kawaida, katupa mgongo, anaangalia kazi, kavaa koti la kijani na buti za mvua. Nimemwachia koti langu alitazame. Wenye kuelewa wataelewa. Kufuru haipo hapo, nimeazima koti tu.

Nimerudi nyumbani bila koti, Agosti hii. Meno yaligongana njia nzima.

Jumapili, 17 Agosti

Mafua na kikohozi. Nje ya kanisa nikakutana na Onesphory. Ikabidi nimwamkie shikamoo, kanizidi miaka kumi na miwili. Akaitikia marahaba, akavua skafu yake akanivisha shingoni, akisema mwandishi asife kabla ya kitabu. Unafiki mtupu!

Skafu ina joto.

Jumatano, 20 Agosti

Picha zimefika. Ukurasa wa kwanza ni giza la kabla ya vitu vyote. Nurdin amepaka karatasi nzima nyeusi na kuweka sahihi. Ng'ombe wa kwanza duniani ana mistari ya kugawa paja, mbavu na sarara. Adamu amenyolewa denge. Basi, ndiyo picha anazozijua.

Lakini koti langu liko kila ukurasa, kubwa. Na Fisi ni Onesphory mtupu. Nimecheka mpaka Marieta akaja kunipiga mgongo.

Ijumaa, 22 Agosti

Vitunguu swaumu vilisomwa kwanza. Watoto watatu walilala. Nikafurahi sana.

Kisha changu. Fisi alipotokea, chumba kizima kikaita Babu Onesphory. Nikageuka kutazama aibu yake. Mzee akasimama, akavua kofia, akaonyesha pengo, akalia kama fisi! Watoto wakapanda juu ya madawati. Ukurasa ule ulisomwa mara nne. Kuhusu koti, mtoto mmoja wa darasa la pili aliuliza ni nani huyo anayeziba picha. Mwalimu akasema labda ni fundi.

Halafu akawauliza jina la mlangoni. Wakajibu kwa sauti moja. Mwalimu akacheka: "Kweli, bila Fisi hakuna asubuhi."

Nurdin, aliyeitwa kuandika mlango, akapanda ngazi palepale. CHUMBA CHA BABU ONESPHORY. Likaenea vizuri. Nilikaa nyuma, roho inaniuma. Kitabu ni changu!

Onesphory akaja kunishika mkono. Macho yamelowa. "Kijana wangu, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniweka kwenye kitabu." Nikakohoa.

Jumamosi, 23 Agosti

Sikulala, nikitafuta kosa. Nimelipata. Fisi alikuwa mdogo mno, watu hawakuuona ubaya wake.

Nimeanza kitabu cha mwisho wa dunia. Humo kuna joka lenye miwani na pengo, kila ukurasa, kubwa kuliko mlima Hanang. Nurdin amekubali kwa jogoo mwingine, ndiye wa mwisho. Marieta ameuliza tena habari za banda. Nimemjibu banda la nini sasa.

Koti nimempelekea Nurdin tena, safari hii alichore upande wa mbele. Baridi ni kali, lakini ninayo skafu.