Kitufe Kilichohamia Katikati

Sijawahi kumwambia mtu kwamba mimi huhutubia dagaa. Darasani nikiulizwa swali sauti hunikauka hata kama jibu ninalo. Lakini alasiri, nyumbani Bangwe, mama akiwa zamu hospitalini na majirani wakiwa wameacha dagaa wao juu ya chanja, husimama mbele yao nikaongea kama kiongozi. Ni hadhira nzuri. Wako wengi, wametulia, na wote wana macho wazi.

Hotuba inayofuata niliitunga baada ya kompyuta za shule yetu kubadilika sura. Tulizikuta hivyo asubuhi moja. Kitufe cha kuanzia, kilichokuwa kona ya chini kushoto, kimehamia katikati. Vitu vilivyokuwa na majina vimebaki vipicha vitupu. Na pa kusevu hapajulikani. Kwa shule nyingine labda ni jambo dogo. Sisi kompyuta ni chache na umeme una siku zake, kwa hiyo mazoezi tunafanyia kwenye maboksi ya sabuni. Tunachora kioo cha kompyuta kwa makapeni, mwalimu anasema fungua, andika, sevu, na vidole vinakwenda vyenyewe. Tulijifunza mahali, hatukujifunza majina. Sasa kila mkono unakimbilia kona ambayo haina kitu.

Anayeumia kuliko wote ni Armelle wa kidato cha nne. Mjomba wake, Mzee Ntakarutimana, amemwahidi kwamba akifaulu mtihani wa vitendo atampeleka chuo cha kompyuta. Asipofaulu, ataenda Mwamgongo kumsaidia shangazi yake dukani. Mtihani ni wiki ijayo. Ijumaa alikuja afisa mmoja, akachungulia chumba cha kompyuta akiwa mlangoni, akatuambia mageuzi yamepokelewa vizuri, akaondoka soda yake ikiwa nusu. Jina na cheo cha mheshimiwa wa hapa chini nimevibuni. Maneno ni yale ambayo nadhani yule afisa angesema kama angepewa kipaza sauti na alasiri nzima.

* * *

Mheshimiwa Mwenyekiti wa mkutano huu, ambaye nimeambiwa ametoka kidogo, waheshimiwa wajumbe wa kamati ya maandalizi, waheshimiwa wajumbe wa kamati ya kuisimamia kamati ya maandalizi, Madam Catherine, mkuu wa shule hii mwenyeji, viongozi wetu wa dini, wawakilishi wao, na wawakilishi wa wawakilishi wao, ndugu mwakilishi wa wavuvi, ambaye hakualikwa lakini nimemwona, wazazi, walezi, wanafunzi wa bweni na wa kutwa, watumiaji wa mausi kwa mkono wa kulia na, kwa kuzingatia usawa, watumiaji wa mausi kwa mkono wa kushoto, itifaki imezingatiwa. (Makofi.) Kama yupo ambaye sikumtaja, ajione ametajwa, na kama yupo niliyemtaja na hayupo, apelekewe taarifa. (Makofi tena, ya tahadhari.)

Ndugu zangu wa Kigoma, bwakeye! (Ni saa tisa alasiri, na hiyo ni salamu ya asubuhi. Watu wanaitikia hivyohivyo kwa heshima.)

Mimi, Daktari Mtarajiwa Bonaventura, Mratibu Mkuu wa Kitengo cha Uratibu wa Mageuzi ya Vioo vya Kompyuta, Mwambao wa Ziwa, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, furaha ambayo imepitia hatua zote za kiutawala kabla ya kunifikia, kuwatangazia kwamba ule mradi mkubwa, mradi shirikishi, mradi unaogusa moja kwa moja maisha ya mwananchi wa kawaida kuanzia Rusimbi hadi Bangwe, yaani Mradi wa Sura Mpya, umekamilika kabla ya wakati, kwa maana ya kwamba umekamilika kabla ya wengi wenu kujua umeanza. (Makofi. Mtoto analia, anatolewa nje.)

Kwa wale ambao hamkubahatika kusoma sana, niseme kwa lugha nyepesi kwamba intafeisi ya disktopu ni jukwaa la kimkakati la muingiliano endelevu baina ya yuza na mfumo katika muktadha wa mazingira wezeshi. (Kimya.) Nashukuru kwa kunielewa.

Zamani, ndugu zangu, kitufe cha kuanzia kilikuwa wapi? (Wanafunzi: "Kushoto!") Kushoto. Kwenye kona. Kimesukumwa huko chini peke yake kama mgeni aliyechelewa harusini, na mimi kila nilipokitazama niliona uchungu, nikajiuliza hivi ni haki kweli, kitufe kinachofanya kazi zote hizi kikae pembezoni, ndipo kitengo changu kikakaa, kikasimama, kikakaa tena, na leo hii kitufe kiko katikati, mahali ambapo kiongozi yeyote anastahili kukaa. (Makofi makubwa kutoka meza kuu. Meza kuu peke yake.)

Ninafahamu kwamba mageuzi yoyote huleta fidibaki. Kitengo changu hakiogopi fidibaki. Tumeipokea, tumeipiga muhuri, na tumeiweka kabatini. Hapa shuleni pekee tumefanya utafiti wa kina kuhusu mapokeo ya yuza, na matokeo yake ni kwamba asilimia tisini na saba nukta nne ya yuza wameridhika, asilimia mbili wameridhika lakini hawajajua, na nukta sita iliyobaki ni Bi Selina. (Kicheko. Bi Selina, katibu muhtasi wa shule, hacheki.)

Bi Selina ni mama yetu, amechapa mitihani ya shule hii tangu wengine mkiwa hamjazaliwa, na alipotembelewa na watafiti wetu alisema, nanukuu, "Ni kama nimeamka nikakuta kuna mtu ameingia jikoni kwangu usiku, akahamisha sufuria zote, akaficha chumvi, halafu ananiuliza mbona sifurahi." Mwisho wa kunukuu. Sisi kitaalamu maneno haya tumeyaweka kwenye fungu la pongezi, kwa sababu amekiri mwenyewe kwamba mabadiliko ameyaona. (Bi Selina: "Nirudishieni chumvi yangu." Kicheko kirefu. Mwalimu wa zamu anasimama, kicheko kinapungua.)

Aidha, tunaye Mzee Gaudensi, mtunza stoo. Mzee Gaudensi alipowasha kompyuta ya stoo iliandika kwamba inajiandaa, na kwamba asiizime. Mzee huyu, kwa uzalendo wa hali ya juu, akaiitikia, "Haya, mimi nipo," akavua kofia, akakaa kwenye gunia la maharage akaisubiri hadi wapishi walipokuja kuuliza chakula cha wanafunzi kiko wapi. Akawaambia waongee taratibu, mwenyewe anavaa. (Vifijo. Mzee Gaudensi anapunga mkono.) Huu ndio uvumilivu ninaoutaka katika mwambao mzima! Wanafunzi walikula saa kumi, naam, lakini walikula katika zama mpya. (Wanafunzi: "Maharage mabichi!" Mheshimiwa anadhani ni shangwe, anainamisha kichwa.)

Nimeonyeshwa pia yale maboksi ya sabuni ambayo vijana hawa wamechora juu yake vioo vya kompyuta, na niseme tu kwamba katika ziara zangu zote za mafunzo, zikiwemo zile ambazo posho yake bado inashughulikiwa, sijapata kuona teknolojia ya namna ile. Haitumii umeme. Haiingiwi na virusi. Ikilowa, inaanikwa. Ni kweli maboksi yale bado yana sura ya zamani, na hilo tunalichukua kama changamoto, lakini kitengo changu kimeshaandaa rodimapu ya miaka mitano ya kuhamisha kitufe kwenye kila boksi kwa awamu, tukianza na maboksi ya sabuni ya unga na kumalizia na yale ya mche. (Makofi. Mwanafunzi mmoja anasimama. Ni Armelle.)

("Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani. Naomba kuuliza, pa kusevu pamehamia wapi?")

Swali zuri sana. Hili ni swali zuri kiasi kwamba nikilijibu hapa nitalipunguzia thamani, kwa hiyo nitaliundia kikosi kazi, kikosi kazi kitaandaa andiko, andiko litapita kwa wadau, na wadau mnajua ni akina nani, ni ninyi, kwa hiyo kwa namna fulani, binti yangu, jibu litatoka kwako. (Makofi. Armelle hajakaa.)

("Mheshimiwa, nina mtihani wiki ijayo.")

Nakupongeza kwa kuwa na mtihani.

("Nimeandika ukurasa mzima jana, nikabonyeza pale pa siku zote, ukapotea. Nikifanya hivyo kwenye mtihani nimefeli.")

Haujapotea, binti. Katika mfumo mpya kazi haipotei. Inapumzika mahali ambapo kitengo bado hakijapatambua. (Makofi kutoka meza kuu.) Na hapo ndipo uzuri ulipo, kwa sababu zamani yuza alijua kazi yake iko wapi, akabweteka, akaacha kutafuta, lakini yuza wa leo anatafuta, anafungua hiki, anafunga kile, anazunguka, anachangamka, na sisi uchangamfu huo tunaupima na kuuandika kama ongezeko la matumizi ya kompyuta kwa asilimia mia tatu. Naomba ukae, tutawasiliana. (Armelle anakaa. Bi Selina anamshika bega, anamnong'oneza kitu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote wawili wanacheka.)

Ndugu wananchi, ahadi. Naahidi kila yuza kupewa kitabu cha mwongozo kwa Kiswahili fasaha, chenye picha, kitakachochapishwa mara tu wino utakapopatikana. Naahidi boti maalumu ya msaada wa mausi, itakayopita kila kijiji cha mwambao hadi Mwamgongo na kurudi, ikiwa na wataalamu wawili, mmoja wa kubonyeza na mwingine wa kusema amebonyeza nini. Naahidi semina elekezi kwa walimu, semina ya kuwaelekeza waelekezaji, na chai. (Meza kuu wanainuka kidogo kusikia chai.) Na kwa wale mnaodai mrudishiwe sura ya zamani, nasema kwa upole wa mzazi, haitarudi, kwa sababu hatujui tuliitoaje.

Sasa tusimame wote kwa kaulimbiu. Nikisema sura mpya, mnajibu kazi bora. Sura mpya! (Wachache: "Kazi bora." Sauti ya Mzee Gaudensi, peke yake na kwa kuchelewa: "Mimi nipo.") Nikisema kitufe katikati, mnajibu maendeleo kila upande. Kitufe katikati! (Shule nzima: "Kilikuwa kushoto!") Nadhani hamkusikia vizuri. Kitufe katikati! (Shule nzima na wazazi, kwa furaha kubwa: "Kilikuwa kushoto!") Ahsanteni kwa hamasa.

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru familia yangu kwa kunivumilia ninapohutubia hata mezani. Nawashukuru Madam Catherine na wapishi. Kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Mwalimu Bucumi, ambaye jioni moja alisahau kuzima intaneti ya simu yake, akaiacha kwenye chumba cha kompyuta ikichajiwa, kompyuta zikaipata, zikaapudeti zenyewe hadi kifurushi chake cha mwezi kikaisha, na kwa moyo huo wa kujitolea akawa ndiye mfadhili mkuu, mkandarasi, na mtekelezaji pekee wa Mradi wa Sura Mpya. (Mwalimu Bucumi anajificha nyuma ya mwalimu wa michezo.) Na nawashukuru ninyi nyote kwa malalamiko yenu, kwani bila malalamiko hayo kitengo changu kisingejua kabisa kwamba kuna mradi, na mimi nisingepata cha kuzindua.

Bwakeye, na safari njema. (Hakuna anayesafiri zaidi yake.)

* * *

Nilimaliza kuiandika Jumapili. Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, nilimpa Armelle aisome nyuma ya maktaba. Nilitazama pembeni muda wote. Alipofika kwa Mzee Gaudensi alicheka hadi akakaa chini, akasoma mpaka mwisho, akanirudishia karatasi.

"We Sia, kumbe una maneno hivi?" alisema. Halafu akajifuta macho. "Lakini bado sijui pa kusevu."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimepapata siku chache nyuma kwa bahati tu, baada ya kubonyeza vipicha vyote kimoja kimoja, na sikuwa nimemwambia mtu kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Na kumwelekeza kwa mdomo kusingetosha, vidole vyake vilihitaji mashine yenyewe.

Nikaenda ofisi ya mkuu wa shule. Nilisimama nje kidogo, nikagonga. Nilimwamkia Madam Catherine, kisha nikamwambia naomba chumba cha kompyuta kiwe kinafunguliwa saa ya chakula mpaka siku ya mtihani, ili kidato cha nne wazoee sura mpya kwenye mashine zenyewe, na mimi nitakuwepo kuwaonyesha ninachokijua. Sauti ilinikauka mara mbili katikati ya sentensi hiyo. Nikaendelea hivyohivyo.

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Hakuna, Madam. Nimekuja mwenyewe."

Akafungua droo, akanipa ufunguo, akasema umeme ukikatika tuzime swichi zote kabla ya kutoka.

Mchana ule alikuja Armelle na wenzake wanne. Armelle alikaa kwenye kompyuta ya dirishani, nikavuta kiti ubavuni kwake. Aliandika jina lake na mistari miwili. Kisha mkono wake ukaenda pale pa kusevu pa zamani, ukasimama, ukarudi. Alisogeza mausi taratibu juu ya vipicha, akikisia kwa sauti kila kimoja kina kazi gani, na nilipoona amekipita kile cha kusevu bila kukiona, nikamwambia arudi nyuma kidogo.