Mshirika Wangu, Mama Iteka

Jumatatu, 9 Agosti 2021

Msimamizi wangu ameniambia kwenye Zoom, kwa upole wote, kwamba utafiti wangu umekwama. Njia iliyobaki ni ile programu ya cheti, ya wanafunzi wa uzamivu wanaoandika historia pamoja na watu wa jamii. Nisipoipata, atashauri niache masomo. Miaka minne! Kule nyumbani Meru wameshaanza kuniita Daktari Mwiti.

Fomu inataka mshirika ambaye tayari tumefanya kazi pamoja. Sina. Tumefungiwa kwa corona tangu Juni, na hapa Penrith, pembezoni mwa Sydney, mtu ninayeonana naye ni yule wa kuleta vifurushi. Shirleen, mwanafunzi mwenzangu, naye anaomba, na nafasi ni moja. Ana manesi kumi na wawili wa Kenya anaowahoji kila wiki. Bingwa wa kujionyesha, huyo.

Jumatano, 11 Agosti

Nimepata mshirika. Mama Iteka, Mrundi wa Seven Hills, anatunza wazee kwenye kituo. Ana daftari la majina ya watu wao waliozikwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Kila wakizika mtu huku Sydney, majina yote husomwa. Nilikuwepo mara moja, kwenye matanga ya mzee Lazare, kabla ya corona. Yalipokuwa yakisomwa nilikuwa kwenye foleni ya chakula, lakini nilikuwepo.

Nimeandika: ushirikiano wa miaka miwili.

Fomu ilitaka pia kijana wa jamii. Nikamwandika binti yake, Iteka, mtafiti kijana. Kama kuna Mama Iteka, basi Iteka yupo. Nitawaambia wote wawili baadaye.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimeitwa kwenye usaili! Ni Jumanne, na mshirika lazima awepo.

Nimempigia Mama Iteka. Alichukua muda kunikumbuka, kisha akauliza kama ni mimi niliyeondoka na bakuli lake la kijani. Ni mimi. Nikamwambia kuna watu wa chuo wanataka kunifahamu vizuri, yeye aseme tu kwamba ananijua. Akasema sawa mwanangu, zamu inaisha saa nane, atakaa kwenye gari aingie kwa simu. Hakuuliza zaidi. Laiti angeuliza.

Habari ya Iteka sikuigusia. Mtandao ulikuwa mbaya. Hapana, mtandao ulikuwa mzuri.

Jumanne, 17 Agosti

Aibu. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni bafuni.

Mama Iteka alitokea na sare ya kazi, barakoa imeshuka kidevuni. Kabla profesa hajafungua kikao, akasema hawezi kuanza bila sala, akafumba macho. Maprofesa watatu wakainamisha vichwa. Akaomba kwa Kiswahili, akachanganya na Kirundi, akawaombea wagonjwa, akaniombea na mimi kwa jina langu, Mungu anifungulie mlango. Hapo nikajua nimepita.

Kisha profesa mmoja akaangalia fomu, akauliza kama Iteka naye ataingia.

Mama Iteka akauliza, kwa Kiingereza chake cha kazini, Iteka yupi. Profesa akamsomea: binti yake, mtafiti kijana. Mama Iteka akamjibu taratibu kwamba Iteka alifia kambini akiwa na miaka mitatu. Akageukia kwangu, akaniuliza kwa Kiswahili kama siku ya Lazare sikusikia. Maana jina la Iteka ndilo la kwanza kwenye daftari.

Nilizima kamera. Nikaandika kwamba mtandao umenikatikia.

Alhamisi, 19 Agosti

Nimekataliwa kwa mistari miwili. Shirleen amepata. Amenipigia kunipa pole, akaongea kwa wema mpaka nikakosa pa kumchukia.

Nilitamani Mama Iteka anitukane. Badala yake ametuma ujumbe wa sauti, anauliza kama nimekula na kama niko peke yangu humu ndani. Anasema zile habari tutaziongea mimi na yeye, siku nikiwa tayari. Ananisubiri.

Nimelia. Kisha nimemwandikia barua ya kuomba msamaha, kurasa mbili, bila kuficha kitu: foleni ya chakula, uongo wa miaka miwili, kamera. Maishani sijaandika kitu cha kweli kama hicho. Kesho namtumia asubuhi na mapema.

Ijumaa, 20 Agosti

Nimeisoma tena barua. Ni nzuri mno.

Kumbe kuna chuo kimoja Melbourne chenye cheti kama kile. Wanataka insha ya kweli kuhusu kosa ulilolifanya ukifanya kazi na jamii, na jinsi lilivyokubadilisha. Mwisho wa kupokea ni leo. Nimeondoa salamu za mwanzo, nikaongeza aya moja ya jinsi nilivyobadilika. Jina la Iteka nimelibakiza, kwa sababu hapo ndipo msomaji ataguswa.

Nimeituma saa kumi. Mama Iteka nitampelekea nakala wakinikubali.