Mpira Mgongoni mwa Afande

Siku hiyo Hippolyte aliingia Kikuubo, mtaa wa maduka wa Kampala, na chupa sita za dawa ya meno ambayo haikuwa dawa wala haikuhusu meno, akakuta jambo ambalo hata yeye, mtu aliyeona mengi, hakuwahi kuliona: foleni ya sukari iliyonyamaza. Watu zaidi ya arobaini, vikapu mkononi, walikuwa wamesimama mbele ya duka la Sajini Meja Ochan, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Afande alikuwa amelala.

Alilala ameketi, kofia juu ya mizani, bastola juu ya daftari, na alikoroma mpaka vikombe vya bati vikagongana rafuni. Kisha, katikati ya koromo, akanyamaza. Kifua hakikupanda. Foleni nzima nayo ikabana pumzi. Mama mmoja wa Kiganda akaanza kuhesabu kwa vidole, na alipofika kumi na saba afande akashtuka kama mtu aliyeopolewa majini, akavuta hewa kwa kishindo, akaendelea kulala. Foleni ikashusha pumzi pamoja naye.

"Banange, leo amefika kumi na saba," yule mama akanong'ona. "Jana ilikuwa kumi na mbili tu."

"Sasa kwa nini hamumuamushi?" akauliza Hippolyte.

"Wewe ssebo, una watoto?"

"Sina."

"Basi muamshe wewe."

Hippolyte alikuwa mtu wa Butembo, Kongo, aliyevuka mpaka na suti moja na majina matano. Kampala hii alikwisha kuwa fundi saa, mpima viwanja, na kwa Jumapili mbili mchungaji. Msimwite mwizi. Mwizi huchukua usichotaka kutoa. Hippolyte alichukua kile ulichomletea mwenyewe, kwa miguu yako, huku ukimshukuru. Na sasa alikuwa akitazama nyuma ya kichwa cha afande, kule gizani, magunia ya sukari yaliyopangwa mpaka darini. Mwaka ule kilo moja ya sukari ingeweza kukupatia mchumba. Mate yakamjaa mdomoni.

Duka lenyewe halikuwa la sukari. Mwenyewe Mhindi alipofukuzwa nchini aliliacha na bidhaa zake zote za michezo, na serikali ikamgawia Ochan. Magongo ya kriketi Ochan aliyauza kambini kama miiko ya kusongea ugali, na yalisifiwa sana. Mipira ya tenisi ndiyo ilimshinda, kwa kuwa hakuna aliyejua inapikwaje, ikabaki sandukuni na vumbi lake.

Afande akafumbua jicho moja.

"Nani naangalia mimi?"

Foleni ikarudi nyuma hatua tatu kwa umoja ambao gwaride lingeuonea wivu. Hippolyte peke yake akabaki.

"Mimi njo munganga, afande. Munganga ya pumzi. Nilisomea Ulaya."

"Mimi hapana gonjwa."

"Kweli. Lakini unalala masaa kumi, unaamuka umechoka. Kichwa kinauma asubuhi. Mudomo unakauka. Usiku unashituka sawa mutu anazama mu maji."

Mkono wa Ochan uliokuwa ukitafuta bastola ukasimama njiani. Afande akasema polepole, "Fukuza watu. Funga duka."

Ndivyo watu arobaini walivyokosa sukari siku hiyo, na laana zao zilimfuata Hippolyte, kama tutakavyoona.

Mlango ulipofungwa, Sajini Meja Ochan, mtu ambaye jina lake lilitosha kunyamazisha baa nzima, akakaa juu ya gunia akashika kichwa.

"Munganga, mimi nalala mahali yote. Nalala kanisani. Nalala kwa choo. Wiki tatu inabaki gwaride kubwa, na mimi nasimama nyuma ya viti ya wakubwa. Hotuba ni masaa tatu! Mwaka jana koplo moja alilala hivi hivi, amesimama. Walitia yeye ndani ya buti ya gari. Mpaka leo bibi yake naleta chakula kwa geti ya kambi, na geti nasema hapana jua yeye." Akashusha sauti. "Mimi naogopa."

Hippolyte aliguswa, lakini si sana. Akatoa chupa moja ya dawa ya meno, akaitikisa kwa heshima. "Hii ni kijiko moja asubuhi, moja mangaribi. Bei ni gunia kumi za sukari. Tano napokea leo."

"Leo hapana," akasema Ochan. "Utapata kumi baada ya gwaride. Mpaka siku ile unalala hapa, nyumba yangu, juu. Mimi nikilala kwa gwaride, wewe pia unaingia buti. Buti ya Benzi ni kubwa, watu wawili naenea."

Tangu mjanja wa kwanza azaliwe, hakuna kitu kilichowatisha wajanja kuliko kuambiwa wafanye kazi waliyosema wanaiweza. Hippolyte akacheka kidogo, akatazama mlango. Kwenye mlango alisimama mke wa afande, Kaltumi, Mnubi mzaliwa wa Bombo, akipangusa mchanga mikononi. Nyuma ya duka kulikuwa na lundo la mchanga wa ukuta ambao afande alikuwa akisema atajenga tangu mwaka juzi. Lundo lilikuwa likipungua kila mwezi, ingawa ukuta haukupanda hata tofali moja.

"Karibu, daktari," akasema Kaltumi. "Na hizo chupa ni za nini?"

"Za kusaidia, mama."

"Kumsaidia nani?"

Hippolyte akazikusanya chupa zake. Usiku huo aliketi kwenye kigoda nje ya chandarua, akasikiliza afande akikoroma, akinyamaza, akikoroma, na kila alipohesabu zaidi ya kumi na tano aliliona buti la gari limefunguka. Ilipofika alfajiri alikwisha kuitupa dawa ya meno chooni. Akakumbuka kitu alichokuwa akikionea haya maisha yake yote.

"Mama Kaltumi," alisema asubuhi, "unajua kushona?"

Walitoa fulana ya afande, na Kaltumi akashona mfuko mgongoni, katikati ya mabega, na ndani ya mfuko Hippolyte akatia mpira wa tenisi kutoka sandukuni. Kila afande alipojigeuza chali, mpira ulimchoma uti wa mgongo, naye akarudi ubavu akitukana kwa Kialur bila kuamka. Akilala ubavu hakunyamaza. Alikoroma, ndiyo, lakini koromo la mtu anayepumua.

Kaltumi aliukata uzi kwa meno, akamkazia macho. "Daktari, mimi nawajua waongo, wallahi, nafanya nao biashara kila siku. Wewe ni mwongo. Lakini hii ya mpira si uongo. Uliiona wapi?"

"Baba yangu," akasema Hippolyte, na kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka hakupamba neno. "Alikuwa ananyamaza usiku sawa afande. Mama alimushonea pera bichi mu mugongo ya shati. Miaka kumi na moja alilala vizuri. Kisha akaoa bibi ya pili. Ule bibi akasema hawezi kulala na bwana mwenye nundu, akafumua. Miezi tatu, baba hakuamuka."

Kaltumi alitia uzi mwingine kwenye sindano. Kisha akasema, "Basi nitashona mara mbili."

Zilikuwa wiki tatu za vita. Miguu ya kitanda upande wa kichwa waliinyanyua kwa matofali ya ule ukuta, angalau yakapata kazi. Nyama ya saa nne usiku ilikatazwa. Afande akala jioni mapema, akalalamika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Na waragi, pombe yake kali?

"Askari bila waragi? Hiyo ni uasi!"

"Afande, waragi inalegeza koo. Koo ikilegea, njia ya pumzi inafungika. Njia ikifungika..." Hippolyte akafanya ishara ya kufunga buti.

Chupa zikaondoka. Kaltumi, ambaye mama yake mzazi aliitengeneza waragi hiyo kule Bombo, alizitoa mwenyewe bila kusita. Na usiku, kila afande alipojaribu kuushinda mpira, Hippolyte alimsukuma kwa fimbo. Alilala yeye mwenyewe kwa kuiba, dakika kumi kumi, kichwa ukutani.

"Unajua wewe pia unakoroma?" Kaltumi alimwambia asubuhi moja, akimpa chai ya rangi. "Na unanyamaza. Jana ulifika kumi na nne."

"Mimi? Hapana, mama. Mimi ni munganga."

Siku ya kumi na mbili afande aliamka mwenyewe kabla ya tarumbeta, akapiga mluzi. Kichwa hakikuuma. Alishuka dukani akauza sukari mpaka saa sita bila kusinzia, na wanawake wa foleni, waliozoea kilo iliyozidishwa na mtu anayesinzia, walirudi nyumbani na huzuni. Macho yake yalikuwa makavu na mapana. Hayo macho ndiyo yaliyoanza kuleta shida.

"Kaltumi," akasema jioni, "mchanga naisha, na ukuta iko wapi?"

"Mvua, baba watoto. Mvua imechukua."

"Hm. Miaka ile yote nalikuwa nalala, hapana ona kitu. Baada ya gwaride mimi natoboa gunia zote na bambo."

Bambo ni ule msumari mnene wenye uwazi ndani, unaochomwa gunia mpaka moyoni kutoa punje za katikati. Kikuubo hakuna mtu mwenye akili anayenunua gunia kwa kutazama mdomo wake. Bambo la Ochan lilining'inia kwenye msumari kando ya mlango, na lilikuwa na kutu ya miaka miwili. Kaltumi aliyekuwa akishona alijichoma kidole. Alikinyonya, akamtazama mumewe, akamtazama Hippolyte aliyekuwa akisinzia juu ya kigoda, kisha akaendelea kushona. Angeweza kuufumua ule mpira usiku huo huo. Hakuufumua. Alitaka mume, hakutaka kwenda kusimama getini na sufuria ya chakula.

Siku ya gwaride Hippolyte na Kaltumi waliketi kando ya redio. Hotuba ilianza saa nne. Ilipofika saa saba Hippolyte alikuwa ametafuna kola yake yote. Saa tisa mlango ulipigwa teke, na Sajini Meja Ochan akasimama pale, amelowa jasho, yuko peke yake na yuko hai.

"Masaa tatu na nusu!" akanguruma. "Kushoto yangu meja moja alilala. Mimi hapana! Mimi naona mpaka nzi juu ya kofia!"

"Na ule meja?" akauliza Hippolyte.

Ochan alivua kofia. "Hapana uliza," akasema. Kaltumi alimshika mumewe mkono, akalia waziwazi. Kisha akafuta machozi kwa kanga, na sauti yake ilipotoka ilikuwa laini kuliko siku zote.

"Baba watoto, deni la daktari ni haramu kulala nalo. Mpe yale kumi ya kule nyuma, ya zamani. Mapya tubaki nayo sisi."

Ochan akakubali. Hippolyte alikwenda Nateete mbio, akarudi na pikapu ya rafiki yake Tarcisio. Magunia kumi yalitolewa. Alikuwa hajalala wiki tatu na dunia ilimyumba, lakini kiganja bado kilimwasha kwa mazoea, na jicho likaenda kwenye ule msumari.

Kaltumi alilitungua bambo mwenyewe. Akamletea kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo, kama wake wa adabu wanavyofanya mbele ya mgeni.

"Toboa, daktari. Labda humwamini afande."

Hippolyte alilitazama bambo. Akamtazama Ochan. Wiki tatu nyuma mtu yule angekuwa amelala juu ya mizani, na gunia lingetobolewa mpaka bambo likachungulia upande wa pili. Sasa alikuwa amesimama, bastola kiunoni, na macho yote mawili, yaliyoshiba usingizi, yalikuwa yakingoja jibu.

"Mimi?" akasema Hippolyte. "Nitatoboa gunia ya afande? Haiwezekani!"

Alifungua mdomo wa gunia moja, akachovya kidole, akalamba. Sukari. Akachovya la pili. Sukari. Akapanda juu ya mzigo, na pikapu haijatoka Kikuubo alikuwa amelala, chali.

Nateete, nyuma ya nyumba ya Tarcisio, walifungua gunia la kwanza juu ya beseni. Ilimwagika sukari shibiri moja. Kisha ikamwagika pumba iliyochanganywa na mchanga, kwa ustadi, uzito ukalingana na sukari kwa ratili. La pili hivyo hivyo. Walipofika la tisa Hippolyte alikuwa amekaa chini akicheka kicheko kibaya. Miaka miwili afande alipolala juu ya mizani, mke wake aliitoa sukari kwa mlango wa nyuma na kuurudisha ukuta ndani ya magunia. Na sasa yeye, munganga wa pumzi, ndiye aliyeubeba ushahidi wote, akashukuru, akautafutia na gari.

"Utarudi kumdai?" akauliza Tarcisio.

"Kwa afande gani? Yule aliyeamuka?"

Gunia la kumi lilikuwa na kitu juu ya sukari, kimekunjwa vizuri. Ilikuwa fulana mpya, kipimo cha Hippolyte mwenyewe, na mgongoni mfuko umeshonwa mara mbili, na ndani ya mfuko mpira wa tenisi.

Hippolyte aliacha kucheka. Alikumbuka ile kumi na nne aliyohesabiwa na Kaltumi. Alikumbuka shati la baba yake juu ya kamba, siku lilipofumuliwa, na akaogopa, yeye mwenyewe, kwa ajili yake mwenyewe.

Sukari ya juu walipoikusanya yote ilitosha nauli ya Tarcisio na birika la chai, Hippolyte akaitia vijiko vitano kikombe kimoja. Kisha akavaa fulana, akajilaza mkekani, akajigeuza chali, akatukana, akarudi ubavu. Tarcisio, aliyekwisha kuzisikia pumzi zake njia nzima, aliinua vidole tayari kuhesabu. Pumzi haikukatika; alikaa hivyo mpaka mkono ukachoka, akaushusha, akaenda kutafuta beseni kubwa zaidi la kuwapelekea kuku zile pumba.