Kibarua Aliyelala na Ufunguo

Fondo ni dereva wa tuktuk, twamwita Redio kwa kuwa hakuna habari ya mjini isiyomfikia. Alizima injini mbele ya benchi letu la kahawa hapo Makadara, na hata hajaketi akaanza kutangaza.

"Masalkheri, jamaa. Mwajua kuna nini kwa Janet? Mkahawa umefurika watu, biriani imeiva, na hakuna anayekula. Kompyuta imelala."

"Imezimika?" akauliza Shukri. Huyu ni Kadhi wetu, maana hupitisha hukumu kwa kila jambo, hata asiloulizwa.

"Haikuzimika, Kadhi. Imelala. Ndivyo fundi alivyomwambia Janet."

Sote tukamgeukia Mumo, fundi mwenyewe, aliyejikunyata pembeni na kikombe kitupu. Leo alikuwa amevaa tai.

"Ni kweli," akasema. "Nimeilaza mimi."

"Mashine ya watu wailaza mchana, kwa dini gani?" akauliza Shukri.

Mumo akatueleza pole pole. Programu yake ni kama ina vibarua ndani: mmoja hupokea maagizo ya wateja, mwingine huyapeleka jikoni, wa tatu huita majina kwenye spika. Huyu wa kuita alikuwa hapumui, Janet akalalamika kuwa yuwaita kama dalali wa mnada. Basi Mumo akamwandikia amri: ukishaita jina, lala kidogo, ndipo uite jingine.

"Hapo sioni kosa," akasema Redio. "Hata mimi hulala foleni ya Feri."

"Kosa ni kuwa orodha ya maagizo ina ufunguo mmoja, na wote huupokezana. Huyu nimemlaza kabla hajaurudisha. Kalala nao mfukoni. Wenzake wako macho, lakini wamesimama mlangoni."

"Ataamka lini?"

"Nilitaka alale sekunde mbili. Sasa kompyuta huhesabu vipande vidogo vidogo vya sekunde, nami nikatia sifuri kupita kiasi."

"Ngapi?"

Mumo akaangalia viatu vyake. "Kadhaa."

Shukri akatikisa kichwa. "Kibarua huyo apelekwe ofisi ya serikali. Atundike koti kitini, nasi tuambiwe yupo, ametoka kidogo tu."

Tulicheka sote isipokuwa Mumo. "Mzee Crispus yumo mle ndani," akasema.

Kicheko kikakatika. Mzee Crispus wa bandarini ndiye babake Kasyoka. Mumo alikuwa amemwalika chakula, aone kazi ya kijana anayemtaka bintiye. Mambo yalipokwama, Mumo akaaga kwamba yuwaenda kutafuta waya, akaja kujificha kwetu.

"Umemwacha mkweo na njaa?" akauliza Redio.

"Nilipotoka alikuwa ameanza kula ndimu za mezani."

"Lahaula," akasema Shukri. "Wenzako huwapa wakwe kuku."

Hapo tukamwona Janet yuwaja, upawa mkononi. Mumo akainuka akimbie.

"Keti," Janet akamwambia. "Mzee wako ameingia jikoni. Kavua koti, kapakua sahani zote mwenyewe, kisha kasimama katikati akiita: wewe wa kanzu, wewe mama mwenye mtoto anayelia, chukueni. Kwa sauti ile ya kupakia meli. Wateja waniuliza kama kesho atakuwepo."

"Na kompyuta?"

"Iliamka watu washakula. Ikaanza kuita majina, tukaing'oa waya."

Mumo akaketi. "Na mimi, amesemaje?"

"Akila sahani ya kwanza hakutaka kusikia jina lako. Ya pili akasema vijana hukosea. Alipomaliza ya tatu akasema ulete posa. Lakini ana sharti: siku ya harusi, usikaribie chakula."

"Nenda kamshukuru sasa hivi," Shukri akahukumu. "Ikishuka biriani ile, atafikiri upya."

Mumo hakungoja hukumu iishe. Alikuwa ashavuka barabara, tai yampepea begani.