Chozi la Waziri

Jumatatu, tarehe 7
Mtoto anaota meno. Sikulala. Nimefika kazini blauzi ndani nje. Mwenzangu, tunayemwita Bi Glavu kwa kuwa hata chai anainywa na glavu za kushikia nyaraka, akaniuliza kama ndiyo mtindo mpya.

Sisi wawili ni vibarua wa nyumba ya kumbukumbu. Tunapanga barua za marehemu Waziri: za kazi kulia, za nyumbani kushoto. Bosi ametangaza kwamba Ijumaa ataajiri mmoja wetu kwa kudumu. Mmoja! Nikikosa, ni mimi na mama mkwe mchana kutwa.

Na marehemu naye, bahili wa karatasi! Rasimu zake mbele anamfokea mhandisi wa daraja, nyuma anambembeleza mkewe aliyenuna. Bi Glavu anasema kulia. Mimi kushoto. Tumezozana hadi jioni.

Jumanne, tarehe 8
Mama mkwe kasema magoti yanamuuma, leo mjukuu hamwezi. Magoti yaleyale jana yalipanda ngazi kwenda kumsengenya jirani. Mkwe habishiwi. Nikapata wazo. Boksi tupu la nyaraka, shuka chini, mtoto ndani, boksi nyuma ya rafu. Akili mali!

Saa ya chai nikarudi. Kajitoa. Barua ya daraja iko mdomoni.

Nikaivuta taratibu, nikamwambia hapana, baba, hii hailiwi. Akacheka na jino lake moja. Karatasi haikuchanika, ila wino umevuja. Doa kama kisosi! Nikasikia viatu vya Bi Glavu. Sijui shetani gani alishika kalamu. Kwenye rejista nikaandika: “Doa la chozi la mwandishi.”

Jumatano, tarehe 9
Bosi kasoma rejista. Nikajua nimekwisha. Wapi! Katoa leso. Kumbe Waziri aliwalilia wananchi daraja lao! Kampigia simu mjane wake aje Ijumaa alione chozi. Barua imewekwa kwenye kabati la kioo, ufunguo kaweka mfukoni.

Kabati la kioo, kwa udenda wa mwanangu!

Bi Glavu kauliza chozi gani pana vile, marehemu alikuwa na macho ya ng'ombe? Nikamjibu mkubwa hulia kikubwa. Nikajisifu hadi chooni, nikatapika.

Alhamisi, tarehe 10
Mpango: nimwagie barua chai kwa bahati mbaya, doa limezwe na doa. Nikajitolea kufuta vumbi ndani ya kabati, kikombe mkononi. Bosi kasema hapana, afute Bi Glavu, ana glavu. Akafuta. Akainama. Akanusa! Kasema chozi linanuka maziwa. Nikasema watu wa zamani walikunywa maziwa sana. Chai nikainywa mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 11
Magoti ya mama mkwe tena. Leo! Mtoto ndani ya boksi, boksi nyuma ya rafu.

Mjane kaja na fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo, sauti kama ya panya. Akaitazama barua weee. Akasema mume wake hakulia hata alipomzika mama yake mzazi, sembuse daraja. Bosi akapauka. Bi Glavu akavua glavu moja, nadhani ili anishike vizuri.

Mara boksi likalia. Nikakohoa. Likalia tena. Nikakohoa hadi machozi. Mjane akanigeukia, akaiona blauzi yangu imelowa maziwa kifuani. Akarudi kwenye kioo. Akasema, aa, sasa nakumbuka: huu ni udenda. Marehemu aliandika amempakata kitinda mimba wetu.

Bosi nusura apae! Kiongozi, na bado mlezi! Hii ni kubwa kuliko chozi! Kasema ajira anaiahirisha: ataipata atakayempatia barua nyingine ya aina hiyo.

Nikamsindikiza mjane mlangoni. Akaniinamia sikioni.

“Mwanangu, daraja lile linajengwa, kitinda mimba wangu alikuwa ameshaoa. Nimekusitiri. Usirudie.”

Nikamwambia sirudii, mama, haki ya Mungu. Nililia, chozi la kweli, dogo tu. Nyumbani nikamlaza mtoto mapema nikaapa mbele yake: mwisho wa uongo, mama yako kakoma.

Jumapili, tarehe 13
Nasikia Bi Glavu jana kashinda kazini peke yake, anapekua mikono mitupu. Glavu katupa! Atanipiku huyu.

Nimempapasa mwanangu fizi. Meno mawili mengine yanachomoza, udenda unatiririka hadi kitovuni. Mungu hamtupi mja wake. Mama mkwe kasema kesho magoti yake hayana neno, atabaki na mjukuu. Nimemwambia mama, usijisumbue, pumzika.

Nimeshamchagulia barua ya Waziri ya mambo ya shule. Karatasi laini, haitamuumiza fizi.